Mgonjwa wa Saratani Bado ni Mama wa Nyumba

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata kina mama wengi zaidi hapa Tanzania kuliko saratani nyingine. Matibabu ya mionzi huchukua majuma kadhaa, mara nyingi mbali na nyumbani: Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza.

Sisi wauguzi twaona jambo moja. Mama akianza matibabu, haulizwi tena shauri. Mbegu zanunuliwa, mahari yapangwa, yeye huambiwa, "Pumzika tu." Nia ni njema, lakini ni kama kumzika angali hai.

Twasema: mwulizeni. Kama ni mweka hazina wa jumuiya, daftari libaki kwake maadamu anaweza. Nywele zilizonyonyoka kwa sababu ya dawa kwa kawaida huota tena. Saratani haiambukizwi kwa kula naye wala kulala naye chumba kimoja. Baba, fuatana naye kliniki. Wanajumuiya, changeni nauli, angalieni watoto. Akitaka kulia, msimkataze.

Hospitali hushughulika na uvimbe. Kumtunza mama mwenyewe ni kazi yetu sote.