Bei ya kiwanja si ile aliyotaja dalali

Na Salma Kihiyo

Wanunuzi wengi wa viwanja pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Chanika hadi Mapinga, hupanga bajeti kwa namba moja tu: bei aliyotaja dalali. Mabishano yote huishia hapo, na mtu akipunguziwa laki tano hujiona mshindi. Kumbe namba hiyo haitoshi hata kulinganisha viwanja viwili. Kinachopaswa kulinganishwa ni fedha zitakazotoka mpaka hati isome jina lako na taa iwake, na kwa hesabu hiyo kiwanja cha bei ya chini mara nyingi ndicho ghali.

Kodi ndiyo inayowaumiza wengi. Sheria inamtaka muuzaji alipe kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania. Mnunuzi akisikia neno "muuzaji" hutulia. Lakini miliki haihamishwi bila uthibitisho wa TRA kwamba kodi hiyo imelipwa, na muuzaji aliyekwishapokea fedha yake yote, akahama mkoa au akabadili namba ya simu, hana haraka tena. Mwenye shida na hati ni wewe, basi utalipa wewe, juu ya ushuru wa stempu, ada ya usajili, tathmini na wakili. Kinga ipo: mkataba useme nani analipa nini, na sehemu ya bei ibaki mkononi mwako mpaka uione risiti ya kodi. Muuzaji akigoma, hapo ameshakueleza mengi.

Halafu kuna ile asilimia 10 inayodaiwa katika baadhi ya ofisi za serikali za mitaa ili mwenyekiti agonge muhuri. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haina kifungu cha kuidai. Anayeitaka atoe risiti ya serikali, tuone.

Kiwanja kisichopimwa kina gharama nyingine ambayo hakuna anayeiandika popote. Mpimaji akija kuweka bikoni, barabara ya mtaa ambayo haikuwapo siku ya kununua lazima ipite mahali, na huenda ikapita kwako. Uliyelipia 20 kwa 20 unabaki na 17 kwa 20. Umeme nao una mahesabu yake: kwa viwango vya TANESCO vilivyoanza kutumika mwaka 2022, kuunganishiwa mjini bila nguzo ni shilingi 320,960, na nguzo mbili zikihitajika ni 696,670. Kwa hiyo umbali kutoka nguzo ya mwisho ni sehemu ya bei ya kiwanja, dalali apende asipende.

Wapo watakaosema nikisubiri fedha zote zitimie, bei itakuwa imepanda. Ni kweli, hupanda. Ila aliyemaliza akiba yake yote siku ya mauziano hukaa miaka na karatasi ya mtaa, ambayo benki nyingi haziipokei kama dhamana, na muuzaji akifariki anaanza kupambana na warithi, au na mke ambaye hakuwahi kuridhia mauzo. Dawa si kusubiri, ni kununua kidogo. Mwenye milioni tano anunue kiwanja cha milioni tatu na nusu, hata kama ni 15 kwa 20.