Kontra imeisha, haki haijaisha

Ndugu na dada wapangaji, toka Katuba mpaka Kampemba, hapa Lubumbashi: kontra ya mwaka ikiisha, mwenye nyumba anasema « ongeza pesa ao toka kesho ». Tunakataa!

Sheria 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 iko wazi: garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi tatu.

Unataka kubaki? Ongeeni mapema, muandike kontra mpya, muweke sinyatire. Unataka kutoka? Toa preavi kwa barua, mutembelee nyumba pamoja, udai garanti yako. Hamuelewani? Serivisi ya Habitat kwanza, kisha tribinali. Mwenye nyumba haiko juji: kungoa mlango wa mpangaji ni uonevu.

Kukosa kazi si kukosa haki.