Uhalifu Usiofika Daftarini

Takwimu za uhalifu tunazosomewa kila mwaka huanzia mahali padogo sana, nalo ni daftari la kituo cha polisi. Aliyedhulumiwa asipofika hapo akapewa namba ya RB, basi kwa hesabu ya taifa hakudhulumiwa.

Sisi wa pwani ya Tanga tunao mfano wa wazi. Wavuvi wa Tongoni na Kigombe wameishi miaka mingi na mshindo wa baruti baharini, ingawa uvuvi huo umepigwa marufuku tangu 1970. Mwaka 2015 watafiti walisafiri kwa chombo baina ya mpaka wa Kenya na ule wa Msumbiji, wakikokota vinasa sauti chini ya maji. Kwa takriban mwezi mmoja walinasa milipuko zaidi ya 300, mingi ikiwa upande wa Dar es Salaam. Walihesabu bila kumngoja mlalamikaji, kwani uhalifu huu hauna mlalamikaji: mlipuaji ni mpwa au mkwe wa mtu, na samaki wake wana wanunuzi. Na msako ukizidi, kesi huongezeka daftarini hali milipuko inapungua. Asomaye tarakimu pekee ataona mambo yameharibika.

Majumbani hakuna kinasa sauti. Utafiti wa taifa wa 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Takriban wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kati ya wasichana hao, karibu nusu tu ndio waliowahi kumwambia mtu yeyote. Na kumwambia shangazi si kufika polisi. Safari ya kituoni ina nauli, ina fomu ya PF3, ina njoo kesho. Mara nyingi wazee wameshakutana, fedha imetolewa, na mambo yamekwisha.

Hapa husikika neno sitara. Ndiyo, dini imetuamrisha kusitiriana. Lakini wanazuoni wamepambanua baina ya kosa la mja na Mola wake na dhuluma aliyotendewa mtu mwingine, tena mtoto. Hii ya pili ina mwenye haki, na Suratul Baqarah, aya ya 283, imekataza kuficha ushahidi. Kumsitiri mwenye kudhulumu kwa gharama ya aliyedhulumiwa ni sitara gani hiyo?

Serikali nayo ina wajibu wake. Hesabu itolewe kituo kwa kituo, pamoja na kesi zilizofutwa kwa kukosa mashahidi. Mkuu wa kituo ambaye daftari lake limejaa kwa sababu wananchi wanamwamini asihesabiwe kuwa ameshindwa kazi; akihofia hivyo, atawarudisha watu mlangoni. Nao maimamu na walimu wa madrasa, wanapoletewa habari ya mtoto, wampeleke Dawati la Jinsia na Watoto siku ileile, kabla ukoo haujaitisha kikao.