Chema Hakijiuzi

Methali husema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wako watu walioigeuza methali hii kuwa rungu la kuwapigia wachezaji wa sinema wa Marekani ambao, katika miaka ya 1930 na 1940, walikwenda redioni kuzinadi filamu zao. Husema kuwa mchezaji aliyesimama mbele ya kipaza sauti, huku sabuni ikisifiwa kabla yake na baada yake, aliitoa sanaa yake sokoni kama samaki wa jana. James Stewart, aliyesikika mara nyingi katika vipindi vya namna hiyo, huhukumiwa pamoja nao: msanii mbele ya kamera, mchuuzi mbele ya redio. Hukumu hii ni nyepesi. Na ubaya wake ni kuwa humwadhibu asiyekosa ikamwacha mkosaji akienda zake.

Itazamwe kwanza methali yenyewe. Filamu iitwayo It's a Wonderful Life ilionyeshwa mara ya kwanza Desemba 1946. Leo ni katika filamu zinazopendwa kupita nyingi za zama zake. Walakini wakati ule mapato yake hayakurudisha gharama. Chema hakikujiuza. Machi 1947 Stewart na Donna Reed waliicheza upya, kwa sauti tupu, katika Lux Radio Theatre, kipindi cha saa moja kilichogharimiwa na watengenezaji wa sabuni ya Lux. Wapinzani hulalamika kuwa hadithi ya zaidi ya saa mbili ilikatwa mbavu ipate kuenea katika saa moja. Ni kweli ilikatwa. Lakini siku zile filamu ikishaondoka katika jumba la sinema ilikuwa imeondoka; watu hawakuwa na njia ya kuitazama nyumbani kila watakapo. Mgonjwa kitandani, kipofu, na mkulima aliyekaa mbali na mji waliipata hadithi ile kwa redio, au hawakuipata kabisa. Tena kipaza sauti hakimsaidii mchezaji kwa uso, wala kwa kimo, wala kwa taa. Humwachia maneno na pumzi tu. Awezaye kumliza msikilizaji kwa hivyo viwili hakuiacha sanaa yake mlangoni.

Kosa, basi, halikuwa katika kunadi. Lilikuwa katika jambo ambalo wenye kuitaja methali hawalitaji: ujira. Mwaka 1934 kilianza kipindi cha Hollywood Hotel, kilichogharimiwa na wauza supu wa Campbell. Mwenyeji wake mmoja alikuwa Louella Parsons, mwandishi ambaye habari zake za wachezaji zilisomwa katika magazeti ya Hearst na mengine mengi. Yeye aliwaita wachezaji mashuhuri waje kuigiza sehemu za filamu zilizokuwa karibu kuonyeshwa, nao walifanya kazi hiyo bila ya malipo. Walisemeshwa kuwa kutangazwa kwa filamu ndiyo malipo yenyewe. Nani angekataa? Kalamu iliyokaribisha ndiyo iliyoweza kuchoma. Mwaliko usioweza kukataliwa ni amri iliyovikwa kanzu ya adabu. Supu iliuzwa, redio ilipata fungu lake, mwandishi alizidi kuogopwa. Mwenye sauti alirudi nyumbani mikono mitupu.

Mwaka 1937 kampuni ya MGM nayo ilifanya shirika na wauza kahawa ya Maxwell House, kikazaliwa kipindi kilichojazwa wachezaji wa kampuni hiyo. Stewart, aliyekuwa amefungwa kwa mkataba wa MGM tangu 1935, alikuwa miongoni mwa waliosikika humo. Hapo sauti ya mtu ilikuwa bidhaa katika ghala la mwingine.

Mpinzani aweza kujibu kuwa filamu ikipata watazamaji mchezaji hupata jina, na jina ni mali. Jina ni mali kwa aliye huru kulitumia. Mtu mwenye mshahara uliokwisha kukatwa, asiye na sehemu katika faida, akiitwa kuvuna zaidi kwa jina lake, huvuna katika shamba la tajiri wake. Kumwambia kuwa jua la shambani litampa afya ni mzaha.

Wala haisemwi kuwa kila kazi isiyo na ujira ni dhuluma. Mwaka 1939 chama cha wachezaji kilishiriki kuanzisha kipindi cha Screen Guild. Wachezaji humo hawakuchukua senti. Malipo yao yalikwenda katika mfuko wa kuwasaidia wafanyakazi wa sinema waliozeeka au kupatwa na shida, na kwa fedha hizo nyumba ya wazee ikafunguliwa mwaka 1942. Kipaza sauti kilikuwa kile kile, na mikono ilikuwa mitupu vile vile. Lakini huku mtu alitoa, na kule alichukuliwa. Asiyeona tofauti hiyo hajui maana ya zawadi.

Stewart mwenyewe aliionyesha njia. Kwa filamu ya Winchester '73, ya mwaka 1950, alikubali kupata sehemu ya faida badala ya mshahara wa kawaida. Alipoicheza filamu hiyo redioni mwaka 1951 alikuwa akinadi mavuno ya shamba lake, na hapana aibu katika hilo. Na katika mchezo wake wa redio wa miaka ya 1953 na 1954, The Six Shooter, husimuliwa kuwa alikataa mchezo huo ugharimiwe na kampuni ya sigara. Mwenye uwezo wa kukataa ndiye ambaye kukubali kwake kuna thamani.

Hata leo mikataba ya filamu humtaka mchezaji azunguke kuinadi kazi yake, na hata leo wako wamchekao kwa methali ile ile. Waulize kwanza nani anakula faida, na kama anayenadi angeweza kusema hapana. Chema hakijiuzi. Huuzwa na mtu, kwa koo lake na kwa saa za maisha yake. Na anayeuza kwa jasho anastahili kuhesabiwa kabla ya kuchekwa.