Hati Ibaki Mkononi mwa Mji

Kwenye bandari kuukuu ya Hamburg, Ujerumani, kuna uwanja uitwao Dar-es-Salaam-Platz. Miji hii miwili ina udugu rasmi tangu 2010. Uwanja huo umo ndani ya HafenCity, eneo la hekta 157 lililokuwa magati na maghala, ambalo sasa lina makazi, ofisi, shule na chuo kikuu. Kwetu, kila inapotajwa ardhi ya umma iliyo ukingoni mwa maji, hutolewa hoja zilezile, kwa sauti ya watu wasiotaka kubishiwa. Nataka kuzibishia, na shahidi wangu ni Hamburg, pamoja na makosa yake.

Hoja inayotangulia ni ya mfuko: serikali haina fedha, basi auziwe mwenye nazo, upesi. Hamburg haikuanza na mfuko uliojaa. Kabla Meya Henning Voscherau hajautangaza mpango huo mwaka 1997, kampuni ya mji ilikuwa imekwisha kununua kimyakimya mali za wafanyabiashara waliokuwa bandarini, ili walanguzi wasinuse habari. Ardhi ikawekwa katika mfuko maalumu. Viwanja viliuzwa kimoja kimoja kwa zaidi ya miaka ishirini, na mapato yakalipia barabara, madaraja na kuta za magati. Mfuko huohuo ulikusudiwa pia kusaidia ujenzi wa gati la makontena la Altenwerder, lililofunguliwa 2002. Treni ya chini ya ardhi ilipofika 2012, viwanja vilivyosalia vilipanda bei vikiwa bado mali ya mji. Anayeuza eneo zima siku ya kwanza huuza kwa bei ya matope, na faida ya kila daraja litakalojengwa baadaye inamwendea mnunuzi.

Lakini Altenwerder kilikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima. Wakazi wake walihamishwa, nyumba zikabomolewa, likabaki kanisa. Anayeisifu hesabu ya Hamburg aitaje na gharama hiyo, maana sisi tunajua maana ya kuambiwa pisheni bandari.

Wengine husema masharti huwafukuza wawekezaji. Hapa ndipo nataka nikae kidogo, kwa kuwa ndipo tunapoumia. Hamburg haimpi mwekezaji hati siku anayoshinda zabuni. Inamshikia kiwanja kwa muda, kwa kawaida mwaka mmoja na nusu hivi. Katika muda huo lazima ashirikiane na mji kuendesha shindano la wasanifu majengo, apime udongo, apate kibali cha ujenzi na athibitishe fedha zitatoka wapi. Akitimiza, ndipo analipa na kumilikishwa. Akishindwa, kiwanja kinarudi. Utaratibu huu humfaa hata mwekezaji mwaminifu, kwa sababu hafungi mamilioni yake kwenye udongo kabla hajajua kama atajenga. Jarida la Der Spiegel lilihamia huko 2011, na halikukimbizwa na masharti. Masharti ya namna hii humkimbiza dalali, yule anayechukua hati leo, kesho anaiweka rehani benki, na kiwanja kinabaki kimezungushiwa mabati mpaka watoto wa mtaa wanakua bila kujua kwamba nyuma ya mabati kuna bahari.

Ipo hoja inayotoka upande wangu mwenyewe: ardhi ikibaki ya umma, wanyonge watapata nafasi. Si kweli. Nyumba za mwanzo za HafenCity, pale Sandtorkai na Dalmannkai, zilikuwa kwa sehemu kubwa za wenye uwezo, ingawa kila kiwanja kilitoka mkononi mwa mji. Mambo yalibadilika masharti yalipobadilika. Katika kugawa viwanja vya makazi, bei ikapewa uzito wa asilimia 30 na ubora wa wazo asilimia 70. Katika mitaa mipya kama Baakenhafen, takriban theluthi moja ya nyumba ikatengwa kwa kodi nafuu. Umiliki uliupa mji uwezo wa kusema neno. Ilibidi neno lenyewe lisemwe.

Kuhusu usalama wa maji, hoja kwamba lazima ukingo ufungwe kwa ukuta inajibika kwa haraka. Mafuriko ya 1962 yaliua zaidi ya watu 300 Hamburg. Hata hivyo HafenCity haikuzungushiwa ukuta. Majengo yaliinuliwa juu ya vilima vya kujaza, mita nane hadi tisa juu ya usawa wa bahari, na chini yake watu wakaachiwa njia za kutembea kando ya maji, zaidi ya kilomita 10.

Hoja nzito kuliko zote ni kwamba mji haujui kusimamia ujenzi, na ushahidi wake ni ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie, hukohuko HafenCity. Wananchi waliambiwa utawagharimu euro milioni 77. Ulipofunguliwa Januari 2017, mji ulikuwa umelipa milioni 789. Hiyo ni aibu, na sitaipunguza. Lakini chanzo chake kikubwa ni kwamba mkataba ulitiwa saini wakati michoro haijakamilika, na kila badiliko likawa bili. Mji ulivunja kanuni uliyowawekea wanunuzi wake wa viwanja: usijifunge kabla kazi haijajulikana. Mjenzi, tena, alikuwa kampuni binafsi.

Mwisho huambiwa: hiyo ni Ulaya. Kumshikia mtu kiwanja badala ya kumkabidhi hati hakuhitaji utajiri. Kunahitaji daftari safi la ardhi na ofisa asiyetetereka. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Haki ya kumiliki hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99, kwa masharti ya uendelezaji, na anayeyavunja anaweza kufutiwa. Katiba ya Kenya, ibara ya 62, inaitaja ardhi iliyo kati ya alama za maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Kwa hiyo kitakapotangazwa kiwanja kingine cha bandarini, mbele ya michoro ya maghorofa yanayong'aa, swali langu kwa wenye dhamana ni hili: hati inatoka siku gani, na baada ya nini?