Neno la Wachoma Makaa

Mkazi wa Sakania ajua kwamba Ndola haiko mbali. Reli ni ile ile, msitu ni ule ule, na watu wa ukoo mmoja wakaa pande zote mbili za mpaka. Basi habari hii, ijapokuwa yatajwa duniani kote, kwetu ni habari ya jirani.

Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Vita vya ndugu kwa ndugu vikafuata, na utengano ule haukukoma mpaka Januari 1963. Septemba 1961 askari wa Umoja wa Mataifa na wale wa Katanga walipigana mjini Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Katibu Mkuu wa Umoja huo, Dag Hammarskjöld, akapanda ndege kwenda Ndola kusemezana na Tshombe, ili silaha ziwekwe chini. Hakufika. Usiku wa kuamkia tarehe 18 ndege yake ilianguka msituni karibu na Ndola. Walikuwamo watu 16. Mmoja tu alikutwa hai, naye alikufa baada ya siku chache.

Msituni mle walikuwamo wachoma makaa, watu maskini waliokesha penye tanuru zao. Baadhi yao walisema kwamba waliona ndege nyingine angani, na moto. Mwaka 1962 tume ya serikali ya Rhodesia iliyaweka kando maneno ya mashahidi Waafrika, ikaamua kwamba rubani alikosea.

Ikapita karibu miaka 50. Ndipo wachunguzi walipowaendea wazee wale, wakaketi nao na kuandika ushuhuda wao. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimkabidhi shauri hilo Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa Tanzania, pamoja na wenzake. Katika taarifa yake ya 2017 alisema yawezekana kwamba ndege ilishambuliwa au ilitishwa. Hakusema kwamba imethibitika. Aliyataka mataifa yafungue hati zao za siri.

Amri ya nane yakataza kusema uongo. Lakini je, kumziba kinywa msema kweli kwa sababu nguo zake zimechakaa si kosa vilevile? Shahidi aweza kukosea. Ndiyo maana huulizwa, na maneno yake hulinganishwa na ya wengine. Hatupwi kwa ajili ya kazi yake wala rangi yake. Kwa dharau ile mashahidi wengi walikufa bila kusikilizwa, na jamaa za marehemu walingoja jibu miaka na miaka.

Nanyi wanafunzi, wazee waliokuwa watoto wakati wa vita vile wangaliko. Waulizeni walikimbilia wapi, nani aliwaficha, nani alikataa kumsingizia jirani yake. Andikeni jina la mahali na mwaka, kisha wasomeeni wapate kusahihisha. Fanyeni hima, kwani neno lisiloandikwa huzikwa pamoja na mwenyewe.