Aliyeacha Mtaala Hajaacha Wajibu

Kila ifikapo Januari, miji yetu hujaa watoto wadogo waliovishwa sare mpya, mabegi yakiwapiga magotini. Wengi hawajatimiza hata miaka minne. Huamshwa kabla ya adhana ya alfajiri, hupandishwa basi la shule huku wakisinzia, na jioni hurudi na madaftari yenye kazi za kumalizia nyumbani. Ukiwauliza wazazi sababu, wanajibu kuwa hawataki mtoto aachwe nyuma. Katikati ya mbio hizo wapo wazazi wachache walioamua vingine. Wamesema mtoto wao atabaki nyumbani mpaka afikie darasa la awali, na kwamba atasoma hapo hapo, bila mtaala uliochapwa, bila ratiba ya vipindi, bila mtihani. Majirani wanawacheka, ndugu wanawaonya. Mimi nasimama upande wao. Lakini nasimama kwa sharti, na sharti hilo ndilo kiini cha makala haya: anayeacha mtaala hajaacha wajibu, ameuondoa kwenye karatasi akajitwika mwenyewe.

Tuanze na mwili wa mtoto, kwa kuwa mwili haujui mashindano ya wazazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa miaka mitatu au minne, linasema shirika hilo, anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, kuushughulisha mwili kwa muda usiopungua saa 3, na kutokaa mbele ya skrini zaidi ya saa 1. Sasa piga hesabu mwenyewe. Mtoto anayeamshwa saa 10 alfajiri ili basi limpitie saa 11, kama hakulala mchana, ilimpasa awe kitandani tangu saa 12 jioni. Na saa 12 jioni ndiyo saa ambayo wengi wao bado wamo kwenye foleni ya magari wakirudi nyumbani. Tunamnyang'anya mtoto usingizi, kisha tunamlaumu kwamba hasikilizi darasani.

Tazama pia mkono wake. Katika umri huo, kadhaa kati ya mifupa midogo minane ya kifundo cha mkono bado ni gegedu. Mkono wa namna hiyo unataka kukanda unga, kufinyanga udongo, kupukuchua mahindi, kuchambua mchele na kufunga vifungo vya shati, ndipo uje kushika penseli na kuandika mistari. Tukimlazimisha kujaza kurasa za herufi kabla mkono haujapata nguvu, hatumwongezei elimu. Tunamfundisha kuichukia kalamu.

Hata Serikali imeona kwamba tumepita kiasi. Mwaka 2023 ilisitisha huduma ya bweni kwa watoto wa darasa la awali hadi darasa la nne nchini Tanzania. Fikiri maana ya jambo hilo, ndugu msomaji. Ilifika mahali pa kuhitajika waraka wa kutuambia kuwa mtoto wa miaka mitano alale kwao!

Wako watakaosema kwamba elimu ya utotoni ni taaluma yenye waasisi wake, na mzazi wa kawaida asiiguse. Basi tuwasikilize waasisi wenyewe. Friedrich Fröbel, aliyeanzisha chekechea mwaka 1837 huko Bad Blankenburg, Ujerumani, aliujenga mpango wake juu ya mchezo, nyimbo na kutunza bustani. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa watoto wa familia za wafanyakazi maskini. Kazi alizowapa zilikuwa pamoja na kumimina maji bila kumwaga, kufunga na kufungua vifungo, kufagia na kuandaa meza. Leo jina lake limebandikwa kwenye mageti ya shule za gharama kubwa katika miji yetu, na wazazi hulipa ada nono ili mtoto akafundishwe kumimina maji. Mama huyo alizichukua kazi za nyumbani akazipeleka darasani. Mzazi anayezibakiza nyumbani hajakosa elimu. Amekaa kwenye chemchemi yake.

Finland nayo, nchi inayosifiwa sana kwa shule zake, huwaanzisha watoto shule ya msingi wakiwa na miaka saba, baada ya mwaka mmoja wa maandalizi ambamo mchezo una nafasi kubwa. Wala wazo la kutomkimbiza mtoto si la kuagiza nje. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alipendekeza umri wa kuanza shule ya msingi upandishwe, ili mtoto ajifunze kwa wepesi zaidi na amalize akiwa amekomaa.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe: mtoto huyo aliyebaki nyumbani atasoma nini? Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wapo wanaodhani kusomesha nyumbani ni kununua ubao, kumketisha mtoto sebuleni na kumchapa anapokosea herufi. Huko ni kuihamishia shule mbovu nyumbani. Wapo wengine wanaodhani ni kumwachia televisheni tangu asubuhi mpaka jioni. Huko ni kumtelekeza. Njia ya haki ni kuzifanya shughuli za nyumba kuwa somo, kwa makusudi, kila siku, mtu mzima akiwa pale pale anazungumza naye.

Chukua hesabu. Mtume mtoto alete sahani kwa idadi ya watu walioko nyumbani. Akileta pungufu, muulize nani atakosa. Nenda naye sokoni. Mwambie achague fungu la nyanya la shilingi 500, mpe noti ya 1,000 ailipe kwa mkono wake, na chenji aipokee yeye. Jikoni, ahesabu vikombe vya mchele na vya maji. Uani, acheze mdako: anarusha kete juu, anazoa kokoto kutoka shimoni, anazirudisha akibakiza idadi aliyoitaja, kisha anaidaka kete kabla haijaanguka. Katika mchezo huo mmoja mna kuhesabu, kutoa, kukadiria, wepesi wa mkono na ustahimilivu wa kushindwa. Ni kitabu gani cha mazoezi kilicho na mambo hayo yote kwa bei ya kokoto?

Chukua lugha. Hii ndiyo nguzo kubwa kuliko zote, kwa maana mtoto hawezi kusoma maneno asiyokuwa nayo kichwani. Zungumza naye. Mweleze unachofanya na kwa nini unakifanya: kwa nini chapati hufunikwa, kwa nini nguo nyeupe hazilowekwi na za rangi. Mjibu anapouliza, na usipojua mwambie mtatafuta pamoja. Jioni mwite: Paukwa! Aitikie: Pakawa! Msimulie hadithi, na kesho yake akusimulie yeye, kwa maneno yake. Mtegee vitendawili. Mtoto anayeambiwa "nyumba yangu haina mlango" huzungusha akili mpaka alione yai. Akishindwa, hapewi jibu bure, hudaiwa mji kwanza. Wazee wetu hawakuwa na muhtasari wa somo, lakini walijua kwamba akili hunolewa kwa swali, na kwamba jibu likija kwa jasho halisahauliki.

Chukua kusoma. Kiswahili kimetufanyia wepesi mkubwa, kwa sababu kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akizijua a, e, i, o, u, kisha akapewa herufi m, tayari anaweza kusoma mama, mimi na mume. Mpe herufi moja kwa wiki, kwa dakika kumi au kumi na tano tu, na usimpe nyingine mpaka ya kwanza imekaa. Aiandike kwa kidole mchangani kabla ya karatasi. Aitafute kwenye pakiti ya chumvi, kwenye ubavu wa daladala, kwenye bango la dukani. Na kanga ya mama yake je? Kila kanga ina jina lake, limechapwa kwa herufi kubwa zinazosomeka vizuri. Nyumba yenye kanga sita ina kurasa sita za kusomea, na kila ukurasa una hekima ya kuzungumzwa. Mtoto akionyesha hataki, mwache. Jaribu tena baada ya siku chache. Wa miaka minne asiyetaka herufi leo si mjinga, ni wa miaka minne.

Na chukua adabu, ambayo haina mtihani lakini ndiyo itakayombeba. Kuamkia wakubwa, kungoja zamu, kuomba radhi, kusema kweli, kurudisha kitu pale alipokitoa: haya hufundishwa kwa kutazamwa. Mtoto hasomi maneno yako tu, anakusoma wewe. Baba anayemfokea mke wake mbele ya mtoto ametoa somo siku hiyo, apende asipende.

Najua hoja zitakazoletwa. Mmoja atasema: mimi sikusoma sana, nitamfundisha nini? Nitamjibu kwa mfano wa Mombasa. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ulianzishwa huko mpango wa elimu ya awali wa Madrasa, na Bi. Swafiya Said akawa miongoni mwa waliouasisi. Walimu wake walikuwa wanawake wa jamii zile zile, waliopewa mafunzo na kusimamiwa, na vifaa vya kufundishia vilitengenezwa kwa vitu vya mahali pale. Mpango huo ulifika Zanzibar na Uganda. Mafunzo yake ni mawili: kwamba mwanamke wa mtaani anaweza kuwa mwalimu bora wa watoto wadogo, na kwamba hakuwa bora kwa bahati, alijifunza. Nawe mzazi jifunze. Muulize mwalimu wa awali wa shule iliyo karibu nawe anatarajia mtoto aje anajua nini. Hakuna mwalimu mwema atakayekunyima jibu.

Mwingine atasema: mtoto anahitaji wenzake. Ni kweli tupu, na mzazi asiyeitimiza haja hiyo bora asimbakize mtoto nyumbani. Mtoto anayefungiwa ndani ya geti na mtu mzima mmoja hulelewa nusu. Afunguliwe mlango, acheze na watoto wa jirani, aende kwa bibi na binamu zake, agombane na apatane. Wazazi watatu au wanne wa mtaa mmoja wanaweza kupeana zamu, watoto wakawa pamoja leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Wa tatu atauliza habari za sheria. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliiweka elimu ya awali kuwa ya lazima kwa watoto wa kati ya miaka mitatu na mitano, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Mwaka huo uheshimiwe. Cheti cha kuzaliwa kiwe tayari, na mtoto aandikishwe kwa wakati. Ninayoyatetea ni miaka inayoutangulia, ambayo ni haki ya nyumba, na tunaiuza kwa hofu tu ya kupitwa na jirani.

Nami nina maonyo yangu. La kwanza, kumfunza kazi si kumtumikisha. Mtoto akipepeta mchele kidogo pembeni ya mama yake anajifunza. Akiachiwa kubeba maji na kulea mdogo wake kutwa nzima, anadhulumiwa. La pili, usimtwike binti wa kazi jukumu lote, kisha ukajisifu kwamba unasomesha nyumbani. Kama yeye ndiye anayeshinda na mtoto, mheshimu kama mwalimu: mwelekeze, mpe muda, mlipe vyema. La tatu, kuwa na daftari, si la mtoto, lako. Andika kila wiki anachoweza sasa na alichokuwa hakiwezi. Mtoto wa miaka minne ambaye maneno yake hayaeleweki na watu wa nje, asiyegeuka anapoitwa, au anayesogeza kila kitu karibu na macho, apelekwe kliniki mapema. Darasani pengine mwalimu angeligundua hilo. Nyumbani mwenye kuligundua ni wewe.

Na akina baba nisiwaache. Mazungumzo ya malezi yakianza, wengi wenu husogea pembeni kana kwamba hesabu ya sahani na hadithi za jioni ni mambo ya wanawake. Mtoto anayemsaidia baba yake kukaza msumari, kupima ubao au kumwagilia mchicha husikia maneno ambayo mama hana sababu ya kuyataja siku hiyo, na huona kuwa elimu si ya upande mmoja wa nyumba.

Basi, mzazi, kabla hujamkatalia mtu wa basi la shule, jiulize swali moja kwa ukweli: ndani ya nyumba hii, ni nani atakayempa mtoto huyu saa mbili au tatu kila siku za kuzungumza naye, kufanya kazi naye na kumsikiliza, simu ikiwa imewekwa chini? Kama yupo, mbakizeni bila aibu, na msihesabu kuwa amechelewa. Kama hayupo, usijidanganye kwa jina zuri la elimu ya nyumbani. Mtafutie chekechea iliyo jirani, yenye uwanja, yenye walimu wanaoimba na watoto wanaocheka, mpeleke huko, na saa chache utakazobakiwa nazo jioni uzilipe kwake kama deni. Njia zote mbili ni halali. Isiyo halali ni ile ya kumtoa mtoto mikononi mwako bila kumweka mikononi mwa mtu yeyote.